Pengo la Mkia

Majira ya baridi, ziwa linapoganda na wavuvi kubanana kwenye vibanda vyao juu ya barafu, gereji ya Delphine Wojta hujaa samaki waliokaushwa wa kutundika ukutani, waliokufa kabla yeye hajazaliwa, wakingoja awatengeneze. Huletwa wamefungwa blanketi kama watoto wa kliniki: huyu pezi limekatika, yule jicho la kioo limedondoka, wengine wamekuwa kahawia kwa moshi wa sigara za baa. Akiwa peke yake, Delphine huwasalimu. "Karibu, babu. Nani kakufanya hivi?"

Maski wa Orville Skaar aliletwa na bintiye, Janelle. Maski ni samaki mrefu mwenye mdomo kama wa mamba. Mtu akimpata mmoja, humsimulia hadi kaburini.

"Baba haoni tena," Janelle alisema. "Jumamosi anahamia nyumba ya wazee. Ukutani wamemruhusu kitu kimoja tu, naye kachagua huyu. Picha ya harusi kaiacha!"

"Marehemu mama yako angesema nini?"

"Angemrushia sufuria."

Delphine alifanya kazi kwa raha. Alimsafisha kwa pamba na mate yake mwenyewe, maana hakuna sabuni inayotoa moshi wa zamani kwa upole kama mate. Mkiani palikuwa na pengo baya. Akaliziba kwa karatasi laini na gundi, akapaka rangi mpaka mwenyewe hakuliona tena.

Orville alipokuja na Janelle kumchukua, alivua glovu akapitisha vidole kwenye taya, meno, mgongo. Alikuwa akitabasamu. Alipofika mkiani, vidole vikasimama.

"Huyu si wangu."

"Baba, ndiye!"

"Wangu ana pengo. Lorna ndiye aliyeshika wavu siku ile, akakosea, ukingo wa chuma ukampasua mkia. Nilimgombeza mama yako mpaka nchi kavu. Basi tangu hapo, kila tukienda baa alikotundikwa, Lorna husema: 'Nusu ni wangu, alama yangu ile pale!'" Akaanza kuvaa glovu. "Huyu mrudishieni mwenyewe."

Delphine alihisi uso ukimwaka. Swali moja tu kuhusu lile pengo lingetosha, na hakuliuliza. Lakini gundi yake ni ile ya kizamani, inayoachia kwa maji ya uvuguvugu. Huitumia makusudi, ili fundi atakayekuja baadaye aweze kumsahihisha.

"Kaeni mnywe kahawa," alisema, akabandika birika.

Alikandakanda mkia kwa pamba yenye maji mpaka karatasi ikalegea, akaivuta taratibu kama utando wa maziwa. Kisha akaushika mkono wa Orville, akauongoza. Kidole cha mzee kikaingia penye pengo, kikatulia humo. Kahawa yake ikapoa.

"Haya, nusu," alisema hatimaye. "Lakini nusu ya mkia tu, Lorna."