Muuza Nyama na Mfupa wa Kale

Jumapili moja mwezi huu, majirani wachache wa Ngarenaro tulikwenda kutembelea makumbusho ya mambo ya kale nje kidogo ya mji, Mlima Meru ukionekana wazi kabisa bila wingu. Muuza nyama wa mtaani kwetu alianza kulalamika mlangoni. "Wiki nzima niko na mifupa, leo napumzika mnanileta kwenye mifupa!"

Ndani, dada anayetembeza wageni akatuonyesha mfupa wa paja la nyati. Mikwaruzo ile, alisema, ni ya kisu cha jiwe, zama za kabla ya chuma. Muuza nyama akavaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Binti, huyu aliyekata alikuwa na hofu."

"Kwa nini, baba?"

"Hakutafuta kiungo. Amekata katikati, akarudia, akarudia tena, na huku chini hajagusa kabisa. Huyu alikuwa anafukuzwa."

Dada akacheka, akatupeleka upande wa pili wa kabati. Mfupa uleule, upande huu, ulikuwa na alama za meno ya fisi! Tulipiga makofi. Kurudi, tulipita mashamba ya mahindi muuza nyama akiwa mbele, kifua nje.

Jumatano nikanunua kilo moja ya nyama kwake. Nyumbani, kila tonge lina kipande cha mfupa. Nikakusanya vipande, nikamrudishia mezani kwake buchani.

"Na huyu je, alikuwa anafukuzwa na fisi gani?"

Akavaa miwani. Akavigeuza kimoja kimoja, taratibu, kama vya makumbusho.

"Huyu," akasema bila kuniangalia, "alikuwa anatazama mpira."