Bata wa Muuza Magari

Muuza magari wa hapa Mahajanga ana vidole laini kama vya bibi harusi, na kabla ya kila jibu hufuta boneti kwa kitambaa cheupe. Siku ile alifuta mpaka nikachoka. Nilitaka gari la kumpeleka binti yangu Hayrat hospitali, maana mimba imeshaiva, na nchi imepata bendera mpya lakini mifereji ya mtaa wetu ni ile ile. Mvua ikinyesha mtaa unageuka mto. Nikamwuliza, linakula petroli kiasi gani, na maji yakifika kwenye bomba la moshi litazimika? Akafuta boneti, akamgeukia mume wangu. "Bwana Athoumani, hili halinywi petroli, linaonja tu. Na kwenye maji linapita kama bata." Mume wangu akamwambia, "Mjibu mke wangu. Gari ni lake, kama nyumba ilivyo yake. Sisi Wangazija ndivyo tulivyo." Muuzaji akacheka kwa ile sauti yake ya kubembeleza, akaendelea kumweleza mume wangu yule yule habari za magurudumu.

Mara mvua ikashuka. Akatupa kitambaa, akakimbia na funguo, akaanza kuyapandisha magari yake barabara ya juu, moja baada ya jingine, na la kwanza kabisa lilikuwa lile la bata. Aliporudi ameloa chapachapa nikamwambia, "Baba, bata gani huyo anayekimbizwa na mvua? Mwanangu akazalie humo, maji yamfike kiunoni?" Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka, akamjibu mume wangu.