Hodi kwenye Kifusi

Kwenye uwanja ambako malori humwaga kifusi cha nyumba zilizobomolewa, Mama Nyundo alikuwa na sharti lake: hakuna mlango kuwekwa pembeni bila kupigiwa hodi. Wenzake walimcheka mpaka wakazoea. Kazi yao ilikuwa kuchambua: zege liende kwenye mashine ya kusaga, nondo pembeni, milango iegemezwe ukutani.

"Watu wamekupigia hodi kwa adabu miaka yote, leo ubebwe kama gunia?" alikuwa akiuambia mlango, kisha anagonga na kusubiri kidogo. Vumbi likielea juani, aliona vyumba vya watu vikipita polepole mbele ya macho yake, cha samawati, cha waridi, kimoja bado kina msumari wa kutundikia kioo.

Asubuhi moja ukashushwa mlango wa kijani, mzimamzima na fremu yake. Chini ulikuwa na kiraka cha bati la kopo, kimeshikwa na misumari minne, mmoja umepinda. Mama Nyundo akakipapasa. Panya ndio waliotoboa pale. Baba yake ndiye aliyekipigilia, huku akiwatukana panya hao na mababu zao.

Wanaume wawili wakausimamisha, wakangoja agonge. Akavua viatu, akausukuma kwa nyonga pale ulipozoea kukwama.

"Mama, vipi, leo hakuna hodi?" dereva wa lori akauliza.

"Nipige hodi kwetu?" akafoka, akaingia, akaurudishia nyuma yake.