Mkalimani Aliyeacha Kusema "Si Kitu"

Saa tatu na robo asubuhi, katika kliniki ya mikono jijini Toronto, Polycarp anamwambia daktari kwamba kidole gumba kinamuuma na usingizi haupati. Gumba lake ni zima kabisa. Yeye ni mkalimani, na kazi yake inamtaka aseme "mimi" kwa niaba ya mgonjwa.

Mwenye maumivu ni Nuria, mshonaji kutoka Tanga anayeishi mtaa wa Lawrence Heights. Uvimbe ulimtokea chini ya gumba la kulia, ukakua kwa wiki tatu tu hadi mkasi ukamshinda. Kipande kilikatwa kikapelekwa maabara. Kama ni saratani, aliambiwa, gumba huenda likaondolewa.

Leo ni siku ya majibu.

Daktari anaeleza taratibu, Polycarp anamfuata: "Chini ya darubini seli zilikuwa zinagawanyika kwa kasi, mtu angeapa ni saratani. Tukampa mtaalamu wa pili azitazame. Si saratani. Ni uvimbe unaoiga saratani, na mara nyingi huisha wenyewe."

Nuria hamtazami daktari, anamtazama Polycarp.

"Kaka, usinifiche. Nyie watuliza mioyo nawajua. Mama yangu aliambiwa si kitu, na mwezi haukuisha tukamzika."

Polycarp haruhusiwi kumjibu kwa kichwa chake. Anayageuza hata hayo kwa Kiingereza, uso umemwiva.

"Neno lake lilinichoma, maana nilistahili," ananiambia mimi mwandishi baadaye kwenye benchi la korido, chai yake ya chupa mkononi. Ana miaka 56, zamani alifundisha Kiingereza Karagwe, na ukalimani ameufanya miaka kumi na minne.

Miaka tisa iliyopita alimkalimania mpishi aitwaye Gerishon. Daktari alisema uvimbe wa kidole chake si saratani, lakini ni mkaidi, arudi akaguliwe. Polycarp, kwa huruma tu, akaanza na "si kitu, mzee." Gerishon akashika hilo moja, mengine yakampita. Aliporudi baada ya mwaka na nusu, uvimbe ulikuwa umekula mfupa. Kidole hakikunjiki mpaka leo.

"Tumelelewa hivyo," anasema. "Mtu anaumwa, unamwambia si kitu. Nyumbani huo ni utu. Pale ulimgharimu mtu kidole."

Basi asubuhi hii, mbele ya Nuria, haongezi "si kitu" lake, anamwachia daktari. Daktari anachukua kalamu, anauzungushia uvimbe duara juu ya ngozi.

"Wewe ni fundi," Polycarp anatafsiri. "Upime mwenyewe kila Ijumaa. Ukizidi, njoo siku hiyo hiyo. Usipozidi, njoo baada ya wiki sita, hata kama umeisha."

Nuria anatoa futi yake ya kushonea mkobani, anapima hapo hapo. Sentimita mbili na nusu. Anapima tena. Kisha anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe kinyago tu. Wiki tatu kinanitoa jasho."

Polycarp anaandaa kijitabu cha maneno ya hospitali kwa Kiswahili. Ukurasa wa uvimbe wa aina hii ulikaa mtupu miaka yote. Pale kwenye benchi anaandika "kinyago", anautazama, kisha anaongeza: "lakini urudi."

Anatumaini kukichapisha mwakani.

"Nakala ya kwanza ni ya Gerishon," anasema. "Asome mwenyewe nilichopaswa kumwambia."