Jina la Aliyegeuza Farasi

Kiwandani hakuna aliyemjua kwa jina. Miaka kumi na tisa langoni, na wote, kuanzia washonaji hadi meneja, walimwita Filimbi, kwa sababu ya ile filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni mwake. Jina lenyewe, Suraka, alipewa na bibi yake mzaa mama, likabaki nyumbani na maswali yake.

"Bibi, Suraka si ndiye aliyemfukuza Mtume kwa tamaa ya ngamia mia?" aliuliza siku moja, akiwa mdogo, ametoka madrasa machozi yakimlengalenga. Wenzake walikuwa wamemcheka.

"Ndiye."

"Sasa mimi ukanipa jina la adui?"

Bibi hakuacha kushona kifungo chake. "Mwalimu kawasimulia nusu. Farasi wake alizama miguu mchangani. Akanyanyuka, akazama tena. Hapo akajua. Akaomba aandikiwe hati ya amani, akageuka. Na kila msakaji aliyekutana naye njiani alimwambia: rudi, huku nimeshatafuta. Kufukuza, mume wangu, kila mtu anaweza. Mimi nimekupa jina la aliyegeuza farasi."

Maneno hayo aliyasahau, kama mtu anavyosahau ufunguo wa nyumba aliyohama. Akakua, akaoa, akapata lango. Jioni alipekua mikoba. Asubuhi alifunga kwa kufuli mlango wa nyuma wa ukumbi wa kushonea, ili vitambaa visitoroshwe. Vitambaa havikutoroshwa, kweli. Lakini siku moto ungewaka, watu mia mbili nao wasingetoka. Alilijua hilo. Ufunguo ulimgonga nyonga kila alipopiga hatua.

Mjane mmoja, fundi wa kola, ndiye aliyeanza kukusanya majina kwenye karatasi ya kumpelekea mkaguzi wa kazi: kufuli litolewe. Habari zikamfikia meneja saa nne asubuhi.

"Filimbi! Karatasi hiyo isivuke geti. Niletee huyo mama na karatasi yake. Ukimpata wewe, kesho wewe ndiye mkuu wa ulinzi. Akimpata mwenzako, cheo ni chake."

Mkuu wa ulinzi! Mkewe alikwishachoka kulisikia neno hilo. Filimbi akasaka vyooni, akasaka chumba cha pasi. Mashine zilinguruma, vichwa vimeinama, hakuna aliyemtazama. Alipopanda ngazi za ghala, akakanyaga kibiringo cha uzi, goti likagonga saruji. Akanyanyuka. Ngazi tatu mbele, akaanguka tena, na safari hii akabaki pale pale amepiga magoti, akihema, masikio yakimvuma.

Nyuma ya majora ya kitambaa aliona kandambili.

"Toka, mama."

Mjane akatoka, karatasi ameibana kifuani. "Haya, puliza. Unangoja nini?"

Chini, viatu vikalia. Ni mlinzi mwenzake. "Filimbi! Huko juu kuna mtu?"

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni. Pumzi moja tu, na cheo kingekuwa chake. Aliuonja ule uchungu wa chuma ulimini, kisha akaitoa.

"Hakuna! Huku nimeshatafuta, nimevunja goti bure. Kaangalie kwenye boila!"

"Pole, mzee! Kumbe cheo kinatafutwa kwa magoti?" Kicheko kikaenda kikififia.

Filimbi akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

"Ya nini?"

"Siku watu watakapoulizana nani alikuwa upande gani, nataka pawe na maandishi."

Akaandika chini kabisa. Mjane akasoma, akakunja uso. "Suraka ndiye nani?"

"Rudi kwenye mashine yako. Hiyo karatasi niachie."

Mjane akamkabidhi. Walinzi walimpekua mjane mara mbili mchana ule, hadi ndani ya soli, wasipate kitu. Karatasi ilivuka geti jioni ndani ya kofia ya mtu pekee asiyepekuliwa.

Siku ya tatu mkaguzi akaja, akaamuru kufuli litolewe, akamwachia meneja nakala ya karatasi ile ya majina. Meneja akasimama katikati ya ukumbi, kufuli mezani mbele yake, akaita majina moja moja kwa sauti ya mtu anayeyakariri ili asiyasahau. Wenyewe wakasimama. Hamsini na mmoja.

"Wa mwisho, Suraka." Hakuna aliyesimama. "Suraka ni nani? Nani kaajiri mtu anayeitwa Suraka? Filimbi, nitafutie huyo mtu!"

Kwa mazoea mguu ukatangulia. Akausimamisha. Fundi wa kola akainua uso, mkono mdomoni. Yeye akavua filimbi shingoni taratibu, akailaza mezani kando ya kufuli.

"Huyo nimeshampata, bosi," alisema. Goti lake, lililokuwa bado limevimba, halikukunjika.