Dorotea Aliyechapa Nyanya

Kuna watu wakiambiwa haiwezekani hukaa chini wakatulia. Dorotea wa Mwamkulu hakuwa mmoja wao, na mimi nampenda kwa hilo.

Mwaka 1975, msitu ulipofyekwa kupisha kijiji kipya, mzee Telesphor na wenzake walirina asali ya mwisho kwa mienge ya moto. Wakachoma mizinga na nyuki wake, kisha wakaangusha na miti yenyewe. Asali ililiwa wiki nzima, watu wakilamba vidole. Nyuki hawakurudi.

Dorotea, mjane, alipewa kipande cha shamba bondeni kwa msimu mmoja tu. Telesphor huyo huyo, mwenyekiti wa kamati, alimwambia wazi kwamba kisipozaa kinarudi kwenye shamba la ujamaa. Akapanda nyanya. Zikastawi, zikachanua, halafu maua yakaanza kudondoka. Kila asubuhi aliyaokota akayatazama kiganjani, roho ikimuuma.

Mstari mmoja tu ndio ulioshika matunda, ule wa pembeni. Kwenye vijiti vya kuegemezea miche ya pale alikuwa amefunga kamba ya makopo ya kufukuzia ndege. Upepo ukivuma, makopo yalitikisika, na miche nayo. Dorotea akachuchumaa hapo muda mrefu, kisha akaligonga ua moja kwa kidole. Vumbi la manjano likamwagikia ukucha wake.

"Kumbe ndiyo hivyo," akasema.

Tangu hapo, umande ukikauka, aliingia shambani na fimbo, akagonga kijiti kimoja kimoja taratibu. Hakuruka hata siku moja; homa ilipompanda alikwenda akitetemeka. Watu walipita wakicheka. Jirani yake Josefina, mama yake Antoni, akamuuliza nyanya zimemkosea nini hadi azichape.

"Mama Antoni, nyuki si mmewala nyie? Kazi yao ya kutikisa maua naifanya mimi."

Siku ya kamati kukagua, Telesphor alikuja na kamba ya kupimia, tayari kukitwaa kipande. Akakuta miche imeelemewa na nyanya hadi vijiti vimepinda. Akazunguka mstari kwa mstari, akaikunja kamba akaitia mfukoni.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "zangu kule juu zinapukutisha maua. Nije na fimbo saa ngapi unionyeshe?"

"Njoo saa nne, mzee, umande ukishakauka," Dorotea akajibu. "Ila mwenge uuache nyumbani."