Miti ya Maharage Tuliyoichoma

Niliamshwa na mlio wa vijiti vikivunjika. Ka. Kimya. Ka. Dirisha lilikuwa limejaa ukungu mweupe, na hata nilipofungua mlango wa jikoni sikumwona mama. Nilisikia tu akivunja vijiti kwa goti. Kisha moto ukashika, nami nikamwona amechuchumaa mbele ya mafiga, akitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu tuhamie.

"Kavu," alisema. "Mwanangu, kuni kavu. Mungu amejibu."

Katika milima ile ya juu ya Kirolirwe kila kitu kilikuwa na unyevu: kuni, soksi, chumvi, kurasa za Biblia ya baba. Tulitoka Singida, ambako jua halibembelezwi, baada ya kanisa letu kumtuma baba awe mmisionari Masisi, ng'ambo ya mpaka. Mama alimfuata kwa sharti moja. Angejaribu miezi mitatu. Ikimshinda, angeturudisha nyumbani mimi na mdogo wangu, na baba asingebisha. Miezi ile ilikuwa inaishia Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku hiyo gari la kanisa lingepita likielekea Goma, na baba mwenyewe alikuwa Walikale, akiwatembelea waumini wa msituni, nusu kwa pikipiki, nusu kwa miguu. Uamuzi ulibaki wa mama peke yake.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilishawapenda ng'ombe wa kule, wanaotokea ndani ya ukungu kana kwamba wanaumbwa pale pale. Kila jioni nilisali tubaki. Nadhani mama naye alisali, tena kinyume changu.

Akina mama wa kanisa walikuwa wameahidi kumletea kuni. Kwa hiyo alipokuta mafungu ya fito nyembamba, zilizonyooka, zimeegemezwa chini ya paa la kanisa, hatua chache tu kutoka kwetu, hakuuliza. Tulizipikia karibu wiki nzima. Tuliota moto hadi tukavua sweta.

Jumatano jirani yetu akaja. Alikuwa mkulima na kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke ambaye sauti yake ilifika mahali kabla ya miguu. Alisimama mlangoni mwa jiko, akaitazama fito iliyokuwa imeungua nusu.

"Mama Pasta, hii miti ulitosha wapi?"

"Nilizitoa pale kanisani, dada. Ahsanteni sana. Zinawaka vizuri mno."

"Zinawaka." Aliinama, akaichomoa ile fito, akaizima kwa kuisugua ardhini. "Sasa maharagi yangu itapanda ku nini? Ku shingo yako?"

Mama hakuelewa. Kwetu kunde hutambaa chini, zikajitafutia maisha. Masisi maharage hupanda juu. Kila shina hupewa mti wake wa kukwea, na baada ya mavuno miti ile hukaushwa chini ya paa na kutunzwa msimu hadi msimu, kama majembe. Tulikuwa tumechoma miti ya shamba zima, na mvua za kupandia zilishaanza.

Alipoelewa, mama aliketi chini, palepale kwenye majivu. Aliomba msamaha mara nyingi hadi jirani akachoka kuusikia, akaondoka.

"Nimekuja kuwasaidia watu," mama aliniambia, "nimewachomea chakula."

Jioni ile akaanza kukunja nguo zetu.

Asubuhi ya Alhamisi wakaja wanawake saba, kila mmoja na panga lake. Mdogo wangu aliingia chini ya meza.

"Mama Pasta, vaa mabote," jirani alisema. "Mwenye kuchoma njo mwenye kukata." Njo yao ilikuwa ndio yetu.

"Ni mbali?"

"Haiko mbali. Ao unataka tukubebe?"

Tulipanda hadi kwenye mikaratusi, mama mbele, akihema. Alikata fito yake ya kwanza kwa mapigo yasiyo na idadi, akaiinua.

"Hii iko muti ao iko kijiko?" mmoja aliuliza.

"Muache. Anakatia maharagi ya watoto."

Mama aliinamia fito nyingine. Alikata hadi viganja vikatoka malengelenge, na saa ya kushuka alijitwisha fungu sawa na wenzake. Kwenye mteremko buti zikamkataa. Aliteleza kwa mgongo, fungu amelikumbatia kama mtoto mchanga, hadi chini kabisa kwenye kijito. Hakuna aliyethubutu kumcheka mke wa mchungaji.

Kisha kutoka kule chini tukasikia mama akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na wale saba wakaangua kicheko, wengine wakaketi kwenye matope ili wacheke vizuri.

Ijumaa tulipanda maharage. Shamba lilipojaa miti iliyosimama, jirani alimvuta mama pembeni, akamwonyesha mistari mitano.

"Hii njo yako."

"Dada, kesho nasafiri."

"Nilisikia." Aliendelea kufukia mbegu kwa kidole cha mguu. "Basi nani atafunga maharagi yako ku miti ikianza kutambaa? Mimi niko na yangu."

"Si utanisaidia?"

"Hapana." Akanyoosha mgongo. "Watumishi wengi walipita hapa, wakatuombea, wakaenda. Tuliitika Amina. Wewe njo wa kwanza kutukatia miti."

Mama alitazama mistari ile kwa muda mrefu. Alirudi nyumbani, na nguo zilizokunjwa zilibaki kitandani, si ndani ya sanduku, si kabatini.

Jumamosi dereva akaingia, viatu vizito kwa tope. Mama alimpa chai na muhogo wa kuchemsha.

"Mama, twende. Wakituchelewesha kwenye kizuizi cha Mubambiro, tutaingia Goma na giza. Nimewawekea nafasi ya mbele."

"Mpe mgonjwa yeyote utakayemkuta njiani," mama alisema. "Mimi nina maharage."

"Maharagi gani?"

"Bado hayajaota."

Dereva alinigeukia mimi, akitafuta mtu mwenye akili timamu. Niliinamisha uso kwenye kikombe asione furaha yangu. Alimalizia chai yake taratibu, akavaa kofia, akatoka akitikisa kichwa. Mama alimsindikiza hadi kizingitini, akamtakia safari njema, kisha akaufunga mlango nyuma yake.